Ukihamia Asia, tembea hadi kituo cha treni kabla hujalipa kodi ya nyumba

Wadogo zangu wanaokwenda kusoma Malaysia na wenzangu wanaofuata bidhaa China huniuliza swali moja: kule mtu anaweza kuishi bila gari? Wengi hufungua ramani ya treni, na wakiona mistari mingi ya rangi roho zinatulia. Mimi nimesoma Kuala Lumpur, nikafanya kazi ya kusafirisha mizigo Guangzhou, na kwa kazi hiyohiyo nikawa naingia na kutoka Singapore, Bangkok na Jakarta. Ushauri wangu ni kwamba ramani ya treni ije baadaye. Kwanza pima mwendo wa miguu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kituo, maana hapo ndipo watu wanaposhindwa na kwenda kukopa gari.

Kuala Lumpur inaonyesha jambo hilo kuliko mji wowote ninaoujua. LRT, yaani treni nyepesi za mjini, ilianza 1996, monorail (treni ya reli moja) ikafuata 2003, na MRT, treni kubwa zaidi za mjini, 2016. Mabehewa ni masafi, yana kiyoyozi, nauli haiumizi. (Ile pasi ya ringgit 50 ya kupanda siku 30 bila kikomo ni ya raia tu, kwa hiyo mwanafunzi mgeni asiiweke kwenye bajeti.) Pamoja na hayo yote, asubuhi barabara hufurika magari. Malaysia ilianzisha kampuni yake ya magari, Proton, mwaka 1983, kisha Perodua 1993. Petroli ikawekewa ruzuku kwa miaka mingi, na benki zinatoa mkopo wa gari wa hadi miaka 9. Kijana anayeanza kazi hupata gari jipya kabla hajapata chumba kizuri cha kulala. Barabara kuu nazo zilipitishwa katikati ya mitaa, na treni zilipokuja zikakuta mji umeshakatwa vipande.

Nyumba tuliyopangiwa na chuo ilikuwa Petaling Jaya, mji jirani wa Kuala Lumpur, na kituo cha treni kilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya Federal Highway. Dirishani nilikuwa naiona treni ikipita. Kwenye ramani, kituo ni hapo tu. Kwa miguu unashuka, unakatisha uwanja wa maegesho usio na njia ya mtembea kwa miguu, unafuata ukingo wa barabara ya mchepuko huku pikipiki zikikupita magotini, unapanda ngazi za daraja la chuma, unavuka magari yote, unashuka, unazunguka ukuta. Mvua ya jioni ikikukuta hapo, huna pa kujibanza. Wenzangu walivumilia kwa muda, kisha mmoja baada ya mwingine wakanunua pikipiki au gari la mtumba. Siwalaumu hata kidogo. Mama mwenye mtoto mgongoni asingevumilia hata wiki.

Sasa panda basi, shuka kusini hadi Singapore. Kati ya 1963 na 1965 Singapore na Malaysia zilikuwa nchi moja. Jua ni lile lile, mvua ni ile ile, na zote zilitawaliwa na Waingereza. Ila Singapore ilianza mapema kulitoza gari nafasi linayochukua. Mwaka 1975 iliweka ada ya kuingia katikati ya mji. Tangu 1990, anayetaka gari hununua kwanza kibali kwenye mnada, na kibali hicho hudumu miaka 10. Oktoba 2023 kibali cha magari makubwa kilifika dola 150,000 za Singapore, na hapo gari lenyewe hujalinunua. Februari 2018, serikali iliweka ukuaji wa idadi ya magari binafsi kuwa sifuri.

Ni sheria kali, na familia zenye wazee na watoto wadogo zinauhisi ukali huo. Lakini ningependa msomaji atazame kitu kingine pale, ambacho wageni hukipita bila kukiona: paa. Kuanzia 2013 Singapore ilianza mpango wa kuezeka njia za miguu ndani ya mita 400 kuzunguka vituo vya MRT. Unatoka kwenye ghorofa ukiwa na viatu vya kazini, mvua inamwagika pande zote mbili, wewe unafika getini mkavu. Kwa maoni yangu, paa lile limewaondoa watu wengi kwenye hamu ya gari kama ulivyofanya mnada. Ukimbana mtu bila kumpa njia nyingine unamtesa tu.

Bangkok ilipata treni yake ya juu, BTS, Desemba 1999. Halafu kuanzia 2011 hadi 2012 serikali ikawarudishia wanunuzi wa gari la kwanza ushuru wa gari hilo, hadi baht 100,000 (baht ni sarafu ya Thailand). Foleni iliyokuwepo ikazidi, na mpaka leo unakaa nayo. Ukipanga nyumba Bangkok, angalia uko ndani ya kichochoro kwa kina gani. Bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa watakufikisha kituoni, lakini nauli yao ya kwenda na kurudi kila siku iingize kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Jakarta ndiyo itakayomgusa mtu wa Dar es Salaam. Mabasi ya TransJakarta yalianza 2004, yana njia yao katikati ya barabara na vituo vya jukwaa la juu, kama mwendokasi wetu ulioanza 2016. Leo mtandao wao una zaidi ya kilomita 250. Pale ambapo pikipiki na magari yanazuiwa kuingia njia ya basi, basi linampita mwenye gari lake, na watu wanaona kwa macho yao. Pale yanapoachwa yaingie, faida yote inapotea asubuhi moja.

Basi kabla hujasaini mkataba popote, nenda ukaitembee njia hiyo mwenyewe, saa ya watu kwenda kazini, ukiwa na begi, na ikiwezekana baada ya mvua. Uliza treni ya mwisho inaondoka saa ngapi. Kisha jumlisha gari zima: rejesho la mkopo, bima, maegesho, ushuru wa barabara. Linganisha na kodi ya nyumba iliyo karibu na kituo. Dalali atakuonyesha kubwa ya mbali kwa bei nafuu. Mwambie akuonyeshe ndogo ya karibu.

Kwa wafanyabiashara wa Guangzhou mambo ni mepesi zaidi. Pikipiki zilipigwa marufuku mjini tangu 2007, namba mpya za usajili wa magari zimewekewa kikomo tangu 2012, na treni za chini zinafika karibu kila mahali unapopahitaji. Lala mtaa wa Xiaobei, kwenye njia namba 5 ya treni hizo. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, badilisha hadi njia namba 8, ushuke kituo cha Pazhou. Kila begi hupita kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo sampuli ndogo beba mwenyewe, na marobota mwachie wakala wa mizigo ayachukue palepale sokoni.