Samaki simba kwenye miamba ya Karibi: mambo ya kujua kabla ya kushika mkuki

Samaki simba tunayemwona Diani, Mnemba au Mafia akielea taratibu chini ya jiwe ni mwenyeji wa bahari yetu. Ng'ambo ya Atlantiki, kuanzia North Carolina hadi Brazil, ni mvamizi. Rekodi ya kwanza huko ni ya mwaka 1985, karibu na Dania Beach, Florida, na inaaminika chanzo ni samaki wa kufugwa kwenye matangi ya kioo walioachiwa baharini. Mwaka 2004 alionekana Bahama, 2009 kisiwa cha Bonaire, 2014 Brazil. Jike hutaga mayai kama 30,000 kila baada ya siku chache, hadi milioni 2 kwa mwaka, na vifaranga hubebwa na mkondo karibu mwezi mzima kabla ya kutua mwambani. Samaki wadogo wa huko hawamtambui kuwa ni adui, basi hawakimbii. Kwenye miamba ya New Providence, Bahama, uzito wa jumla wa samaki wadogo anaowala ulishuka kwa wastani wa asilimia 65 kati ya 2008 na 2010.

Mtu anayekwenda kujitolea ajue mapema kwamba hatummalizi. Samaki simba wameshaonekana kwenye kina cha mita 300, na mzamiaji wa burudani anaishia 40. Kinachowezekana ni kumpunguza kwenye miamba fulani. Majaribio yaliyofanywa Bahama yalionyesha kwamba idadi ya samaki simba kwenye mwamba ikishushwa chini ya kiwango fulani, bila hata kuwamaliza, samaki wenyeji huongezeka kwa asilimia 50 hadi 70. Ndiyo maana tunasema kikundi kichague miamba mitatu minne kinayoweza kuirudia kila baada ya wiki kadhaa, badala ya kupita ishirini mara moja. Mashindano ya uwindaji, kama yale yanayoandaliwa tangu 2009 na REEF, shirika la uhifadhi wa bahari la Key Largo, Florida, yanatoa samaki wengi kwa siku moja na yanavuta watu wapya, lakini mwamba ulioachwa baada ya shindano hujaa tena.

Ruhusa ni jambo la kwanza, na kila mahali pana utaratibu wake. Bonaire ilikuwa imepiga marufuku uwindaji wa mkuki tangu zamani, na samaki simba alipofika ikabidi uwekwe msamaha maalumu kwa wajitoleaji waliofunzwa, tena kwa mkuki mfupi tu. Wasio na mafunzo walipewa kazi ya kuweka alama pale walipomwona na kutoa taarifa. Kazi hiyo isidharauliwe, maana samaki simba ana kawaida ya kukaa palepale, na aliyepewa alama jana mara nyingi utamkuta leo. Florida haidai leseni kwa anayemwinda kwa mkuki wa mpira (fimbo ya kushika mkononi inayosukumwa na mpira) au kwa wavu wa mkono, wala haiweki kikomo cha idadi, ila yapo maeneo ambayo mkuki hauruhusiwi kabisa. Cyprus, ambako samaki simba aliingia kupitia Mfereji wa Suez, wazamiaji wa mitungi hawaruhusiwi kuwinda kwa mkuki ila kwa kibali maalumu. Uliza ofisi ya hifadhi au ya uvuvi. Maneno ya mwenye duka la kukodisha mitungi hayatoshi.

Vifaa si vingi. Mkuki wa mpira wa sentimita 60 hadi 90 unatosha, wenye ncha tatu fupi zenye vijino vya kumzuia samaki asichomoke. Bunduki ya mkuki iache nyumbani: samaki huyu hakimbii, na nguvu ile hupita mwilini mwake ikavunja matumbawe. Chukua chombo cha plastiki ngumu chenye mdomo wa njia moja, samaki akiingia harudi. Mfuko wa wavu haufai hata kidogo, miiba hupenya na kukuchoma pajani. Ongeza glovu zinazostahimili kuchomwa (zinapunguza hatari, haziiondoi), tochi ndogo, ubao wa kuandikia chini ya maji wenye penseli, na chupa ya chai ya kuhifadhi moto iliyojaa maji ya moto, ibaki botini.

Kumtafuta ndiko kunakowashinda wengi. Mchana hutulia chini ya vichwa vya matumbawe, kwenye mianya, ndani ya masifongo makubwa na kwenye mabaki ya meli, na mara nyingi tumbo lake limeelekea kwenye jiwe hata kama jiwe liko juu yake. Anayeogelea juu ya mwamba akiangalia chini atawapita. Shuka usawa wa mwamba, nenda polepole kwa mwendo wa kona kona, na kila ukumbi wa jiwe uinamie umulike darini. Saa nzuri ni ile ya mwisho kabla ya jua kuzama, au alfajiri, wanapotoka kuwinda.

Sasa kupiga. Utafiti uliofanywa Bahama ulikuta kwamba kwenye miamba inayowindwa, samaki simba hujificha ndani zaidi mchana na hukaa mbali zaidi na wazamiaji kuliko kwenye miamba isiyoguswa. Kwa maneno mengine, wanajifunza, na mwalimu wao ni mtu aliyekosa shabaha. Samaki uliyemwacha bila kumgusa utamkuta kesho mahali palepale. Uliyemchubua ataingia shimoni, na safari ijayo hutamwona. Kwa hiyo usipige mpaka uwe na uhakika.

Uhakika unajengwa hivi. Tengeneza kwanza uelea wako, uwe umetulia bila kushika mwamba wala kupiga goti juu ya matumbawe. Mkaribie kutoka ubavuni au mbele kidogo, mkuki ukiwa tayari umevutwa: mpira umeshikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kiganja kimefunga fimbo. Usimwelekee kwa kasi na usimwage mapovu mfululizo usoni pake. Ncha ifike sentimita 20 hadi 30 kutoka kichwani, hapo huna haja ya shabaha ya ajabu. Lenga nyuma ya jicho. Kabla ya kuachia kiganja, tazama kilicho nyuma yake. Kama ni tumbawe hai, badilisha pembe au subiri ageuke, maana kwa kawaida atageuka tu akuelekezee miiba ya mgongoni. Wakiwa wawili watatu pamoja, anza na aliye karibu na mlango wa shimo, si aliye mkubwa. Makosa tunayoyaona zaidi ni kupiga kutoka mbali kwa kudhani mpira utafika, na kupiga mkiani, ambako mwili ni mwembamba na samaki hujichana akaponyoka.

Akishanasa, mkandamize kidogo dhidi ya mchanga au jiwe tupu mpaka atulie. Usimwinue na kumzungusha mbele ya mwenzako. Ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 chini ya tumbo na 3 kwenye pezi la chini karibu na mkia. Yale mapezi mapana ya ubavuni yanayotisha hayana sumu. Mwingize kichwa kwanza mpaka avuke mdomo wa chombo, kisha vuta mkuki. Mdomo utamzuia naye atabaki ndani. Chombo kikijaa, kazi imekwisha. Kusukuma mmoja zaidi kwa kiganja ndiko kunakoleta majeraha, sawa na kuingiza mkono shimoni kumfuata aliyejeruhiwa, ambako pia huenda samaki mkunga anakungoja.

Wazamiaji wawe wawili wawili, mmoja akiwinda na mwingine akiangalia hewa, kina na mgongo wa mwenzake, na huyo wa pili ndiye mwandishi. Mwindaji husahau geji ya hewa. Akimwona samaki mita tano chini yake anamfuata, kisha mwingine tena chini ya huyo. Wekeni kina cha mwisho mkiwa botini, na bar 100 (kipimo cha shinikizo la hewa kwenye mtungi) iwe alama ya kugeuka hata kama samaki wako mbele ya macho. Papa au chewa akianza kuwafuata, fungeni kazi mpande. Na msimlishe mnyama yeyote samaki mliyempiga. Kuna watu wanaodhani wanamfundisha papa kula mvamizi. Anachojifunza papa ni kwamba mzamiaji mwenye mkuki ana chakula.

Ukichomwa, maumivu ni makali lakini si sababu ya kupaa ghafla. Panda kwa mwendo wa kawaida na usimame dakika 3 kwenye mita 5 kama hali inaruhusu. Botini, toa vipande vya mwiba vinavyoonekana, osha, kisha zamisha sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza ya moto yanapopoa. Sumu hii ni protini na huharibiwa na joto. Joto lipimwe na mtu mwingine kwa mkono wake, kwa sababu mkono uliochomwa hauhisi sawasawa na watu wameungua hivyo. Mkikosa chupa ya maji moto, maji yanayotoka kwenye mfumo wa kupozea injini husaidia, baada ya kuyapima. Usikaze kamba, usichanje, usiweke barafu. Pumzi ikibana, kifua kikiuma, uvimbe ukipanda au mwiba ukibaki kwenye kiungo, nendeni hospitali. Andikeni saa aliyochomwa na sehemu gani, maana ganzi ya sumu hufanana na dalili za ugonjwa wa kuzamia (ule wa kupaa haraka), na daktari atataka kujua kipi kilitangulia.

Daftari ndilo linalobakiza kazi. Kwa kila mzamo andika tarehe, mahali kwa GPS, kina, dakika za kutafuta, waliouawa, walioonekana wakaponyoka, na urefu wa kila mmoja kutoka mdomo hadi ncha ya mkia. Dakika ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme wawindaji wawili wametafuta dakika 45 wakapata 6: hizo ni dakika 90, yaani samaki 4 kwa saa ya mwindaji. Safari nyingine wawindaji wanne kwa muda uleule wanapata 8. Idadi imepanda, lakini kwa saa imeshuka hadi 2.7, na hiyo ndiyo habari. Mzamo uliotoka patupu nao uandikwe. Wengi hawatumi taarifa yake, na ramani ya samaki simba ikikosa sifuri huonekana kana kwamba samaki wako kila mahali. Ukiona vidonda vya ngozi, viandike. Vilianza kuripotiwa Ghuba ya Meksiko mwaka 2017, na idadi ya samaki simba huko ilipungua.

Jikoni mambo ni mepesi. Miiba huwa na sumu hata samaki akifa, basi ikate kwa mkasi mgumu kwanza. Minofu yenyewe haina sumu hiyo na ni mitamu, myeupe, haina shombo. Lakini kwenye maeneo yenye sumu ya siguatera, inayopanda kupitia chakula cha samaki na haitoki kwa kupikwa, fuateni ushauri wa idara ya uvuvi.

Kwa wasomaji wanaozamia Kenya, Tanzania au Oman: haya yote hayahusu samaki simba wa huku. Watafiti waliolinganisha miamba ya Kenya na ya Bahama mwaka 2011 walikuta wa Bahama ni wengi na wakubwa zaidi. Hapa yuko mahali pake na hatakiwi kuuawa. Mkimwona, hesabuni, pimeni kwa macho, andikeni kina na saa. Takwimu za samaki simba akiwa kwao ni chache, na wanaomsaka Karibi wanazihitaji.