Maswali ya Wasomaji: Wiski za Japani na Marekani kwenye meza moja

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Yokohama. Wenzangu wamenialika katika baa moja ya Tokyo inayojishughulisha na wiski peke yake, ambako tutaonja tatu za Japani na tatu za Marekani. Nimezoea bia, na mara chache nilizoonja wiski sikuhisi chochote zaidi ya moto kooni. Nianze na ipi? Je, kutia maji ni kujiaibisha mbele ya wajuzi? Na tofauti ya nchi hizi mbili huonjwa wapi hasa?
Msomaji, Yokohama

JIBU: Tofauti unayoiulizia, ndugu msomaji, imo katika nafaka na pipa zaidi kuliko katika bendera. Sheria ya Marekani inataka burboni, wiski yao mashuhuri ya mahindi, itengenezwe kwa nafaka ambazo mahindi hayapungui asilimia 51, ihifadhiwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani hadi kikawa makaa, na isitiwe rangi wala kikolezo chochote. Ndiyo maana bilauri ya burboni hukupokea kwa vanila na sukari iliyoungua: hayo ni maneno ya pipa jipya. Wiski ya rai (nafaka ya jamii ya ngano na shayiri), ambayo nafaka hiyo ndiyo iliyo nyingi badala ya mahindi, huwa kavu zaidi na huwasha ulimi kama pilipili manga.

Pipa lililokwisha kutumika haliruhusiwi kupokea burboni tena, kwa hiyo huuzwa, na mengi huvuka bahari hadi Uskoti na Japani. Maana yake ni kwamba katika bilauri za Kijapani utakazoonja, huenda Marekani imo pia, ila imepunguza sauti.

Wajapani walijifunza kazi hii kwa Waskoti. Masataka Taketsuru alikwenda huko mwaka 1918, akarejea mwaka 1920, kisha akafanya kazi na Shinjiro Torii, aliyeanzisha kiwanda cha Yamazaki kati ya Kyoto na Osaka mwaka 1923. Mwaka 1934 Taketsuru alianzisha kiwanda chake Yoichi, kisiwani Hokkaido, ambako hadi leo vyungu vya kukenekea huwashiwa moto wa makaa ya mawe. Msingi wa wiski hizo ni kimea cha shayiri, nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, jambo ambalo halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuona mbege ikitengenezwa kwa kimea cha ulezi. Ukibahatika kupewa wiski iliyolala katika mwaloni wa Kijapani uitwao mizunara, inuse polepole. Wajuzi huifananisha na msandali na udi, na kama umekulia pwani, huo ndio wakati ambao wenzako watapaswa kukuuliza wewe.

Muombe mhudumu, ikiwa anayo, akuongezee Nikka Coffey Grain. Ni wiski ya Kijapani iliyotengenezwa hasa kwa mahindi, lakini haikulazwa katika mapipa mapya yaliyochomwa kama burboni. Iweke kando ya burboni, uonje hii kisha ile. Utamu wa mahindi utaukuta kote, lakini ule uzito wa vanila na mbao utaukuta upande mmoja tu. Kwa maoni yangu jaribio hilo moja linafundisha zaidi ya saa nzima ya maelezo.

Kuhusu mpangilio, usianze na Japani yote ukamalizia na Marekani yote, ingawa menyu nyingi hupangwa hivyo. Anza na nyepesi zenye kileo cha asilimia 40 hadi 43, uende kwenye burboni, kisha rai, na yenye ladha ya moshi, kama zilivyo baadhi za Yoichi, iwe ya mwisho, kwa sababu moshi ukishatangulia hutaonja kitu kingine usiku huo. Usizamishe pua ndani ya bilauri; isogeze karibu huku umefungua kinywa kidogo, na mvuke wa kileo hautakuchoma. Funda la kwanza liwe dogo mno, la kuzoesha ulimi tu. Moto ulioulalamikia hutokana mara nyingi na watu kumeza kabla ulimi haujajiandaa.

Maji si aibu hata kidogo. Japani kuna kinywaji kinachoheshimika kiitwacho mizuwari, yaani wiski iliyochanganywa na maji, na matone machache katika wiski kali ya asilimia 50 au zaidi hufungua harufu zilizokuwa zimejificha. Kipimo cha kawaida huko ni mililita 30, na baa nyingi za namna hii hukubali kukupa nusu yake. Kwa bilauri sita, pamoja na hiyo ya nyongeza, omba nusu. Usishangae kukuta gharama ya kiti kwenye hesabu, wala usiache bahashishi. Gari libaki nyumbani, kwa kuwa sheria ya Japani humwadhibu hata anayempa kileo mtu anayeelekea kuendesha gari.

SWALI: Je, wiski yenye miaka mingi zaidi ndiyo bora zaidi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana. Joto la kiangazi cha Kentucky, jimbo la Marekani linalosifika kwa burboni, huisukuma wiski ndani ya mbao, nayo baridi huirudisha, na kwa kuwa pipa ni jipya, rangi na ladha huingia upesi. Burboni ikikaa mno huwa chungu, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Wiski iliyolala katika pipa kuukuu huweza kuvumilia zaidi. Mimi ningenunua burboni ya miaka minane kabla sijalipia ya miaka ishirini, hata kama zingeuzwa bei moja.