Picha za moyo: zinachanganywa au zinaoanishwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, Ngamiani. Baba akipanda ngazi anabanwa kifua, akapewa rufaa Dar, na huko daktari katwambia "tutachanganya picha mbili za moyo ndo tujue." Nikairusha hivyohivyo kwenye grupu la familia, ba'mkubwa akapiga simu anafoka, wamechanganyaje picha za mgonjwa? Sasa neno lina kosa ama halina?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Daktari hajakosea, ila na ba'mkubwa wako simlaumu hata kidogo.

Changanya limetokana na changa, kulekule kwenye mchango wa harusi, kila mtu analeta chake kinawekwa pamoja. Lakini likatembea, likazaa na mkanganyiko, ndo maana tuna kuchanganyikiwa. Ukiambiwa uchanganye tui la kwanza na la pili huna wasiwasi, ila nesi akisema "samahani nimechanganya mafaili" hapo lazima usimame wima. Halafu kitu kikishachanganyika ndo basi, tui likishaingia mchuzini nani atalitoa?

Na hizo picha wala hazikorogwi. Mara nyingi ya kwanza ni ya sitiskani, mgonjwa anachomwa dawa ya rangi yenye iodini, mashine inaonyesha mishipa yenyewe inayolisha moyo, wapi pamebana na mafuta yamejijenga wapi. Ya pili inaweza kuwa ya mionzi, anachomwa teknishiamu, dawa yenye mionzi, kidogo tu, inasafiri na damu mpaka kwenye nyama ya moyo, wanapiga picha moyo ukiwa umetulia na wanapiga tena ukiwa umekimbizwa kwa mazoezi au kwa dawa, panapofika damu panang'aa, pasipofika panafifia. Sasa kila moja ina upofu wake, ya kwanza inaweza kukuonyesha mshipa umebana nusu nzima kumbe nyama inakula vizuri tu, na ya pili inakuonyesha upande wenye njaa ila mara nyingine haikwambii mshipa upi ndo mkorofi. Kwa hiyo kwenye kompyuta wanailaza moja juu ya nyingine, wanaisogeza na kuigeuza mpaka mshipa ukae juu ya nyama ileile unayoilisha.

Umeshamwona fundi cherehani mwenye jicho anavyoshona kitenge cha maua makubwa? Hakimbilii kushona, anavuta kipande huku, anarudisha kule, mpaka ua lililokatwa likutane na nusu yake kwenye mshono. Hiyo ndo kuoanisha. Oa, oana, oanisha. Na huku kwetu pwani watu wakioana bibi harusi habadili jina, anabaki binti fulani vilevile, na picha hizo nazo ni hivyo, zinakaa pamoja na kila moja bado ni yenyewe.

Kuunganisha nalo linafaa, sema mie linanipa picha ya mabomba na gundi. Kulinganisha hapana, hapo unaziweka kando kwa kando unatazama tofauti, hujazilaza pamoja.

Ila kuna moja hukuniuliza na naiogopa zaidi. Usije ukaandika "baba ana mshipa"! Mshipa peke yake kwa wazee wa pwani ni ngiri, na kwenye grupu lenye mashemeji hiyo haifutiki. Andika mishipa ya moyo, au ukitaka kubana zaidi, ateri za moyo, yaani ile mishipa ya kupeleka damu, kwa sababu mshipa tunauita hata ule wa kurudisha damu, na wengine hata wa fahamu.

Mtumie ba'mkubwa hivi: "Shikamoo ba'mkubwa. Picha mbili za moyo wa mzee zitaoanishwa, moja ya mishipa, moja ya damu inavyofika kwenye nyama ya moyo. Zote ni zake, hazijachanganywa na za mtu."