Mlingoti umevunjika usawa wa kiti: nibadilishe mti upi?

SWALI: Nina mashua ya mbao ya mita 7 hapa Ujiji. Niliifunga tanga ili nipunguze petroli, mlingoti ukavunjika usawa wa kiti. Seremala mmoja anasema foromali ni fupi, mwingine anataka niongeze mlingoti wa maji. Miti hii inatofautianaje?

JIBU: Ndugu msomaji, mlingoti ni mti uliosimama, foromali ni mti unaoning'inia juu yake kwa jarari, yaani kamba ya kuupandishia, na ndio unaofungwa tanga. Kwa mashua yako, mlingoti wa mita 5 na foromali ya mita 6 vinatosha. Mlingoti uinamie mbele kidogo, ili foromali ipite bila kuukwaruza unapogeuza tanga.

Mlingoti wa maji, ule unaochomoza omo (mbele ya chombo), pamoja na galme, mlingoti mdogo wa tezi (nyuma), ni vya majahazi. Wewe huvihitaji. Upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, uwe nao wa kuondokea mwaloni tu. Hauna kazi mbele ya hapo, maana Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na hushuka ghafla.

Sasa tazama kipande kilichovunjika. Kikiwa cheusi na laini kama mkate uliolowa, mti ulioza kwa maji yaliyotuama. Nyuzi zikiwa ndefu kama ufagio, mti ulizidiwa: tanga kubwa, au kusi, upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba, lilikukuta hujashusha tanga. Ukiona mti umelika kuzunguka usawa wa kiti, basi tako, yaani mwisho wa chini wa mlingoti, lilikuwa linacheza, na kila wimbi likawa linausaga mlingoti kwenye ukingo wa tundu la kiti unamopita. Hili la mwisho mafundi wengi hulipuuza, wakabadilisha mti na kuacha ugonjwa palepale.

Kwa hiyo anza chini. Weka mwashiri wa mninga, yaani gogo la kukalia tako la mlingoti, juu ya mkuku (uti wa chini wa mashua), upite juu ya mataruma (mbavu za mashua) matatu na ufungwe kwa bolti. Chonga ndani ya mwashiri shimo la mraba la kina cha sentimita 5, na utoboe njia ya maji pembeni mwake. Mlingoti uwe mkaratusi ulionyooka, uliokaushwa kivulini, wenye unene wa sentimita 10 au 11 usawa wa kiti. Hapo usipigilie msumari hata mmoja. Tundu la kiti liache nafasi ya kabari pande zote. Kisha funga kamba mbili kutoka juu hadi ubavuni, ya kulia na ya kushoto. Ile ya upande wa joshi, unakotoka upepo, ndiyo ikazwe.

Kabla ya kutweka tanga, shika mlingoti usawa wa kifua uutikise kwa nguvu. Ukisikia tako linagonga, ongeza kabari.