Mafunzo ya haki kwa wakulima wa mwani na hoteli: tazama maji kwanza

Dada, umeuliza uanzeje kuwafundisha wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, na hoteli jirani kuhusu biashara na haki za binadamu. Usipange siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: kinamama watakuwa pwani kwenye mwani, ubaki na wanaume tu. Ngoja maji mafu, yasipokupwa sana. Anza na wanakijiji na hoteli kila upande peke yake. Mbele ya meneja, mwenye mtoto anayefanya kazi hotelini hasemi kitu. Wanakijiji wachore ramani ya njia za pwani, mashamba ya mwani na visima. Hoteli ifundishwe Misingi Elekezi ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, hasa msingi wa 31: utaratibu wa malalamiko ufikike na uaminike. Sanduku la maoni getini halifai kabisa, mlinzi anamwona kila atiaye karatasi. Halafu wakutanishe, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, awepo, kila ahadi iandikwe tarehe na mhusika.