Mwanangu wa miaka 6 anapanda miti, nimwache mpaka wapi?

SWALI: Habari daktari. Mi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Kimara, Dar. Mkubwa ana miaka 6 na wiki iliyopita kadondoka kwenye mpera wa jirani, kachubuka goti na kiwiko basi. Baba yake anasema niwaache wacheze, yeye kakulia Songea juu ya miti, mi namwambia zamani sio sasa hivi. Mdogo ana miaka 2 na anamfata kaka yake kila anapoenda. Nikiondoka kwenda kazini dada anawafungia ndani wanashinda na katuni. Naomba kitaalamu, mti wa urefu gani ni sawa kwa umri wake na lini naweza kumtuma dukani peke yake?

JIBU: Pole mama, na mpe pole kijana. Kwanza mi sio daktari, ni mtu wa fiziotherapia ya watoto, hao waliovunjika mikono wakishatolewa hogo ndo wanaletwa kwangu kunyooshwa viungo, kwaiyo usidhani naitetea miti kwa kuwa sijui inachofanya.

Urefu. Kwenye vifaa vya michezo ya watoto kule Ulaya kiwango chao ni mtoto asiwe na nafasi ya kudondoka zaidi ya mita 3, na hapo chini kumewekwa kitu laini. Kwa wa miaka 6 anayeanza mi ningeishia kimo chako wewe, miguu yake isizidi kichwa chako. Ila mama usikazanie futikamba, angalia chini ya mti kuna nini. Mita 2 juu ya mchanga anaamka anajipangusa, mita 1 juu ya sakafu ya saruji au matofali yaliyobaki ujenzi hiyo ni habari nyingine kabisa. Kabla hajapanda zungukeni wote wawili muokote chupa, nondo, mawe.

Alafu usimnyanyue kumuweka kwenye tawi, hata akilia. Tawi asilolifikia kwa mikono yake mwenyewe bado sio la kwake, na mtoto aliyepandishwa na mtu mara nyingi hajui njia ya kushuka. Mfundishe kushuka akiutazama mti, na kabla hajahamisha mguu mikono yote miwili iwe imeshika. Kandambili avue. Nguo yenye kamba shingoni hapana, ikinasa kwenye tawi inamnyonga. Mpapai hapana, ule ndani ni tupu unakatika bila taarifa. Mvua imetoka kunyesha, hapana. Na mti wowote uliogusana na nyaya za umeme asiusogelee.

Siku moja simama pembeni umtazame bila kusema kitu. Utaona anagusa tawi, analitingisha kidogo, anarudisha mkono, anatafuta lingine, mguu unapapasa mpaka upate pa kukaa. Hapo anapiga hesabu, na hiyo hesabu huwezi kumpigia wewe. Sasa sisi tunafanya nini, tunapiga kelele "utaangukaaa!", anageuka kukuangalia, mkono unalegea. Ukishindwa kukaa kimya muulize taratibu, "mguu wa pili unauweka wapi?"

Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Ellen Sandseter, mwaka 2007 alizipanga aina 6 za michezo ya hatari ambayo watoto wanaipenda: kimo, kasi, zana kali, kuwa karibu na moto au maji, mieleka ya utani, na kupotea machoni pa wakubwa. Ukisoma unacheka, maana hiyo ya sita si ndo kombolela yetu tu.

Mimi navyogawa ni hivi, hatari anayoiona na kuipima muachie, hiyo asiyoweza kuiona ni kazi yako kuiondoa. Mpera anauona. Mfuniko wa chemba uliooza hauoni, anarukia tu. Karo lililo wazi, waya uliochunika, pikipiki inayotokea kona. Na huyo mdogo wa miaka 2 maji ndo sina utani nayo kabisa, ndoo au beseni lenye maji kidogo linatosha kumzamisha na hapigi kelele, kwaiyo mwaga au funika kila siku, na kaka yake akiwa juu ya mti mtu mzima amwangalie huyu.

Akidondoka tena: kiwiko kikivimba na hakunjui, USIMPELEKE kuchuliwa. Watoto wa umri huo wanavunjika sana mfupa wa juu kidogo ya kiwiko na ukivutwa ovyo unaweza kubana mshipa wa damu. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vina ganzi, hospitali hiyohiyo saa. Kagonga kichwa na anatapika tena na tena, analala hovyo au anadegedeka, hivyohivyo.

Duka sasa. Umri sikupi, nakuuliza kuna kuvuka barabara? Mtoto wa chini ya miaka 10 hivi bado hapimi vizuri kasi ya gari, na kwa ufupi wake dereva hamwoni akiwa nyuma ya bajaji iliyopaki. Kama duka liko upande wenu mtaani na muuzaji mnajuana, anza: kwanza yeye atangulie wewe unafata nyuma huongei, ikishazoeleka unabaki getini, baadae ndani. Kama ni kuvuka Morogoro Road hapo hapana. Na hofu yako ya "zamani sio sasa hivi" siipuuzi, mwambie haingii chumbani kwa mtu yeyote hata anayemjua, hata kwa pipi, na akitokea anayemwambia "usimwambie mama" ndo aje kukwambia mbio. Wakiwa wengi pamoja ni salama zaidi kuliko mmoja.

Kuhusu dada, mi naona anawafungia kwa sababu mtoto akichubuka atasemwa yeye. Kaa nae umwambie mpaka uwani na mperani kwa jirani wanaruhusiwa, kwa mkwaruzo hutamgombeza, ila maji, geti na barabara hapo ndo utamuuliza.