Barua zenu kwa Mwalimu: Binti aliyerudi na mawazo mengine

*Mwalimu, binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Alipoondoka tulikuwa tunaelewana karibu kwa kila jambo. Likizo hii ananipinga mezani mbele ya wadogo zake: siasa, malezi, nafasi ya mwanamke, kila kitu. Baba yake anasema chuo kimemharibu na anataka kumhamisha. Mimi swali langu ni moja tu: nimempoteza? – Mama wa wanne*

Mama wa wanne, ulichouliza kiliwahi kufuatiliwa kwa watu walewale kwa karibu miaka 50. Sisi wa utafiti wa jamii ni nadra kuipata bahati hiyo, kwa hiyo univumilie nikueleze kwa kirefu.

Mwaka 1932 kilifunguliwa chuo cha wasichana cha Bennington, katika jimbo la Vermont, Marekani. Wengi wa wanafunzi wake walitoka katika familia zenye uwezo na za kihafidhina. Walimu wao hawakuwa hivyo. Walitaka mabadiliko, na nchi ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, kwa hiyo hoja za kujadili hazikukosekana. Mwalimu mmoja wa palepale, Theodore Newcomb, alianza mwaka 1935 kuwadadisi wasichana hao kuhusu misimamo yao, akaendelea mwaka baada ya mwaka.

Ulipofika uchaguzi wa rais wa 1936, aliwauliza wangemchagua nani. Wa mwaka wa kwanza, waliotoka nyumbani juzijuzi, asilimia 62 walimtaka Landon, mgombea wa chama cha Republican cha kihafidhina, karibu sawa kabisa na wazazi wao. Wa mwaka wa tatu na wa nne waliomtaka Landon hawakuzidi takriban asilimia 15. Wazazi wao walikuwa bado upande wa Landon kwa wingi. Waliokuwa wamebadilika ni mabinti.

Najua mumeo akisoma hapa atasema, "Si niliwaambia!" Mwombe aendelee kusoma, maana Newcomb hakuishia kuhesabu. Alitaka kujua kwa nini wengine walibadilika sana na wengine hawakubadilika kabisa, ilhali darasa ni moja na walimu ni walewale. Akaona kwamba waliobadilika zaidi ni wale waliozama katika maisha ya chuo, ambao wenzao waliwachagua kuwaongoza na kuwawakilisha. Waliobaki na misimamo ya nyumbani wengi wao ama waliegemea sana familia zao, ama walijifungia katika vikundi vidogo pembeni ya chuo. Kwa hiyo mhadhara peke yake haukutosha kumgeuza mtu. Kilichomgeuza ni kutaka kukubaliwa na watu anaoishi nao na anaowaheshimu. Hata yule ambaye hakugeuka alikuwa na watu wake aliotaka kukubaliwa nao, isipokuwa watu hao walikuwa nyumbani.

Newcomb aliwatafuta tena wanawake hao mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakatafutwa mara nyingine mwaka 1984, wakiwa wazee. Wengi walikuwa wangali upande ule walioangukia chuoni. Sababu moja aliyoiona inanigusa kila ninapoisoma: walikuwa wameolewa na wanaume wenye mawazo yanayofanana na yao, na marafiki walikuwa wamewachagua vivyo hivyo. Maisha waliyojijengea ndiyo yaliyoyalinda mawazo yao.

Sitakudanganya basi. Baadhi ya anayokwambia binti yako sasa huenda atakuwa nayo akiwa bibi. Lakini angalia namba hizo zilipima nini. Zilipima kura na misimamo ya siasa. Mapenzi kwa mama ni jambo jingine, na baba asiyasome humo.

Kumhamisha chuo mimi nakataa. Utamwondoa kwa watu aliowazoea, na huko aendako atakuta wengine msiowajua. Afadhali mwanzie kwa hawa alionao. Kabla hujamuuliza anaamini nini, muulize rafiki zake ni akina nani. Jifunze majina yao. Muulize ni mwalimu gani anamstahi na kwa nini. Akipiga simu, mtaje rafiki yake mmoja kwa jina umsikie sauti inavyobadilika. Nimehoji familia nyingi katika kazi hii, na wazazi niliowaona wakibaki karibu na watoto wao wakubwa ni wale waliokuwa na habari za maisha yao, hata walipokuwa hawakubaliani nao hata kidogo.

Mabishano ya mezani yahamisheni. Mbele ya wadogo zake anatetea heshima yake, nawe unatetea yako, na hapo hakuna anayeweza kusema "hilo una haki". Zungumzeni mkiwa wawili, mikono ikiwa na kazi. Na mumeo umwambie neno langu hili: "kuharibika" ni neno zito mno kwa mtoto aliyerudi na hoja. Binti ambaye angenitia hofu ni yule anayerudi likizo na kuitikia kila kitu, kisha hasemi chochote.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, muhula wa pili, na sina rafiki wa kweli hata mmoja. Chumba changu kiko mwisho wa korido, ghorofa ya juu. Wenzangu wote wameshapata makundi yao. Naona kasoro ni yangu. Niache chuo? – Mpweke*

Marahaba mwanangu. Usiache. Na nashukuru umetaja chumba chako kilipo, maana watu wengi wangeliacha jambo hilo wakidhani halihusiki.

Katika miaka ya 1940 chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na makazi ya wanafunzi waliooa, yakiitwa Westgate. Wengi walikuwa wametoka vitani. Hawakujichagulia majirani, kila mmoja aliingia nyumba iliyopatikana. Leon Festinger na wenzake wawili wakawauliza wakazi ni nani wanaoonana nao zaidi kirafiki, na matokeo yakatoka mwaka 1950. Kati ya waliopakana mlango kwa mlango kwenye ghorofa moja, asilimia 41 ya nafasi za kuchaguana zilitimia. Mlango wa pili, 22. Mwisho mmoja wa korido na mwisho mwingine, 10 tu. Na hiyo korido haikuwa safari, zilikuwa hatua chache! Waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko majirani zao wa katikati, kwa kuwa watu wa juu walipita mlangoni pao kila siku.

Waliokaa pembeni hawakuwa na tabia mbaya. Hakuna aliyekuwa akipita mlangoni pao, basi. Ndiyo maana nakusihi uikague korido kabla hujajihukumu.

Halafu upe muda hesabu yake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio ya saa ambazo watu hukaa pamoja hadi urafiki ukashika: karibu saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Umekaa saa ngapi na mtu mmoja yuleyule, mbali na zile mnazokaa kimya mkimsikiliza mhadhiri? Ukigusa kila kundi mara moja na kuondoka, huwezi kuzifikisha.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja chenye siku maalumu na watu walewale: kwaya, timu, kikundi cha kujisomea, kazi ya kujitolea, chochote unachoweza kukivumilia hata siku ambayo hujisikii. Nenda kila wiki. Kwenye bwalo keti meza ileile. Somea chini, kwenye ukumbi wa pamoja, badala ya chumbani. Ukiweza kuomba chumba karibu na ngazi muhula ujao, omba.

Kuhusu wenzako kuwa na makundi tayari: mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakimaliza mazungumzo yao ya kwanza, kila mmoja hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Waliwafuatilia pia wanafunzi wanaokaa pamoja bwenini, na dhana hiyo ilidumu miezi. Nao Gregory Walton na Geoffrey Cohen, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kama saa moja. Walisoma maelezo ya waliowatangulia, kwamba nao walijiona si wa pale chuoni na kwamba hali hiyo ilipita, kisha wakaandika jinsi jambo hilo linavyofanana na yao. Wanafunzi weusi waliofanya zoezi hilo walipanda alama katika miaka mitatu iliyofuata, hata pengo kati yao na wenzao weupe likapungua kwa nusu. Saa moja tu, ya kuambiwa kwamba si wewe peke yako! Nami nakwambia sasa.

Ila ikiwa upweke huu umekunyima usingizi au hamu ya kula, au umeanza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje kwaya wala timu. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi leo, na umweleze hivyohivyo ulivyoniandikia.

*Mwalimu, tumehamia jengo la fleti nyingi. Mke wangu anataka tuwazoee majirani, mimi naona salamu zinatosha, kila mtu na mlango wake. Nani ana haki? – Mwenye mlango wake*

Mna haki wote wawili. Robert Sampson na wenzake waliwahoji wakazi zaidi ya 8,000 katika mitaa 343 ya Chicago, matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Hawakuuliza nani anakwenda kukaa kwa nani. Waliuliza kama majirani wanaaminiana, na kama mtu angeingilia kati akiona watoto wametoroka shule, au watu wanapigana mbele ya nyumba. Mitaa yenye imani na utayari huo ilikuwa na ukatili mdogo kuliko mingine, hata ilipolinganishwa na mitaa yenye umaskini unaofanana nayo. Si lazima mwingiliane kila jioni. Lakini mtoto wa jirani akifanya utundu hatari kwenye ngazi, je, unamjua jina umwite? Anzia hapo, na mwache mkeo awazoee.

*Alikuja kijana na dodoso refu. Akasema kaya yetu imechaguliwa kwa bahati nasibu. Jirani alijitolea kuhojiwa badala yetu, kijana akakataa! Mume wangu akamfukuza, hasa alipouliza mapato yetu na nani wanalala humu. Tulifanya vibaya? – Kaya iliyochaguliwa*

Kukataa ni haki yenu kamili. Mnaweza pia kuruka swali moja, au kusimamisha mahojiano katikati, na hampaswi kuulizwa sababu. Haki hiyo ilipatikana kwa uchungu. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa bila kuambiwa ukweli na bila kutibiwa, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Kashfa hiyo ilizaa kanuni ambazo watafiti waaminifu wanafundishwa kabla ya kugonga mlango wowote.

Ila kijana hakumdharau jirani yenu. Turudi kwenye uchaguzi uleule wa 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10, majina yakiwa yametolewa hasa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatangaza kwamba Landon atashinda. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48. Wenye simu na magari, tena walioona umuhimu wa kujibu, hawakufanana na wengine. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na hiyo, alimtaja mshindi.

Jirani aliyejitolea huenda ana muda na ana la kusema. Mdadisi akimpokea yeye na wenzake wa namna hiyo, watu wenye shughuli nyingi na wasiopenda wageni watatoweka kwenye hesabu. Mume wako ni mmoja wao, na sauti yake ndiyo inayokosekana. Nani analala humu huulizwa ili kujua kaya ina watu wangapi, na mapato ili hali za kaya zilinganishwe.

Wadadisi waliofunzwa vizuri huwa wanarudi. Akija, kabla ya swali la kwanza mwulizeni kitambulisho, barua ya idhini, nani anagharamia utafiti, majina yenu yatatenganishwa vipi na majibu, na namba ya msimamizi wake. Ipigeni palepale mlangoni, naye akiwepo. Akijibu yote bila kuyumba, mume wako ajibu anayoridhika nayo, na lile la mapato aliruke akitaka.